Pengo

"Hapa pana pengo," akasema afisa wa ajira,
kalamu ikigonga karatasi yangu
kama daktari wa meno agongavyo jino asiloliamini.
"Miaka saba. Ulikwenda ng'ambo?"
La.
Akautazama mlango, akashusha sauti:
"Ulifungwa?"

Nilikuwa nyumbani, nikamjibu.
Pipeline, ghorofa ya sita, chumba kisichojuana na jua.
Mwende alirudi zamu zake za usiku kule bandari kavu,
nikabaki na mtoto wa miezi mitatu
na maziwa ya kupashwa.
"Ukifanya nini?"

Ningemwambia nini?
Kwamba maji huja Jumanne na Ijumaa,
kwamba ngazi ni tisini na sita,
mtungi mkononi, mtoto mgongoni,
na anayekutana nawe hukupisha huku akimeza kicheko.
Kwamba kule juu ya paa, penye kamba za nguo,
kina mama walininyamazia mwezi mzima
hadi mvua ilipotunyeshea ghafla siku moja
nikawaanulia zote, nikazikunja,
sidiria kwa sidiria, macho nimeyatupa kando.
Wakanibatiza Baba Kamba.
Na mimi Mkamba. Wakacheka mara mbili.

Kwamba nilijifunza kusuka.
Chanuo nililiazima kwa jirani, kichwa kwa Ndunge,
na matuta yangu yalipinda kulia, yote,
kama barabara inayokwepa shamba la mkubwa.

Sikusema hayo.
Nikasema, "Nilikuwa nikilea."
Akaandika neno moja. Sikuliona.

*

Jumatatu. Koti jeupe likatoka sandukuni
na harufu yake ya dawa ya nondo.
Kifungo cha tumboni kilikataa katakata.

Mkuu wangu wa maabara, hapa Eastleigh, ni Ubah,
miaka ishirini na sita,
ananiita Mzee kwa heshima inayouma.
Siku hizi mashine inahesabu damu peke yake,
inatema karatasi kabla hujameza mate.
Ila rangi ile ya zambarau ni ile ile;
pua yangu iliikumbuka kabla ya jicho.

Nikainamia hadubini. Ukungu.
Nikazungusha. Ukungu.
Ubah nyuma yangu, akijifanya anatafuta kitu kabatini.
Nikatulia, kama mtu anayechambua mchele
akingoja changarawe zijitaje zenyewe,
na zikaja:
pete ndogo ndani ya chembe, kidoa juu ya pete.
Kumbe bado mpo, nikaziambia.
Miaka yote hii, na hamkuhama.

Saa nane akaletwa mtoto aliyekunja vidole vyote kumi.
Nikapiga magoti sakafuni.
"Nikopeshe hiki kimoja. Nitakirudisha."
Akafikiri. Akakikopesha.
Ubah alisema sakafu ina vijidudu.

Saa tisa wingu likajikusanya upande wa Kariobangi
nikainuka kitini nusu mtu:
nguo!
Nikakaa tena.

*

Ngazi tisini na sita, na mikono mitupu.
Sikujua niiweke wapi.

Ndunge akanifungulia, kinywa wazi:
lile jino la mbele lililokuwa likining'inia wiki nzima
halipo.
"Nani kakung'oa?"
"Lenyewe tu. Nilikuwa nakula muhindi."
Akalitia ulimi pengo lake, akalionyesha,
mtu aliyepata mali.

Na kichwa kimesukwa.
Mama Syombua wa nyumba ya tatu, akasema,
na hakulia hata kidogo.

Nikamkalisha kati ya magoti yangu, mahali pake,
nikayafuata matuta kwa kidole, taratibu,
kama nilivyofuata damu za watu mchana kutwa.
Sita.
Nikarudia kutoka kwenye paji la uso.
Sita, na hakuna hata moja lililopinda.